Jaribio la Mzio Kabla ya Kubandika Kope: Mwongozo kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili Sugar Land na Miji Jirani

Kope za kubandika zimekuwa pambo la kawaida kwa wanawake wengi wanaoishi Sugar Land, Stafford, Missouri City na Richmond. Huwekwa kwa ajili ya harusi, mahafali na sikukuu, na wengine huzivaa mwaka mzima. Mtaalamu hubandika uzi mmoja mmoja mwembamba juu ya ukope wa asili kwa kutumia gundi, na kazi hiyo huweza kuchukua saa mbili au zaidi. Watu wengi hawapati madhara yoyote. Hata hivyo, wapo wanaoamka siku ya pili macho yakiwa yamevimba kiasi cha kutoweza kufumbuka, na kati yao wamo waliokuwa wakibandika kope kwa muda mrefu bila tatizo.

Mwongozo huu unaeleza sababu ya hali hiyo, namna jaribio la mzio linavyofanywa, mambo ambayo jaribio hilo haliwezi kuyaonyesha, na hatua za kuchukua madhara yakitokea. Tafadhali usome pamoja na watu wa nyumbani kwako, hususan mabinti wanaotaka kubandika kope kwa mara ya kwanza.

Kwa ufupi

• Omba jaribio la mzio siku mbili hadi tatu kabla ya kubandika kope. Usikubali lifanywe siku ile ile.
• Rudia jaribio kila gundi inapobadilishwa, au baada ya kukaa miezi kadhaa bila kubandika.
• Jaribio lisiloonyesha dalili hupunguza hatari, lakini haliiondoi kabisa.
• Mwenye leseni ya Texas ndiye pekee anayeruhusiwa kukubandika kope kwa malipo.
• Ukishindwa kupumua vizuri, au uso na midomo ikivimba kwa haraka, piga simu 911 mara moja.
• Maumivu makali ya jicho au kupungua kwa uwezo wa kuona ni dharura. Usisubiri hadi kesho.

Gundi ya kope ni kitu gani?

Gundi nyingi za kope hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya sayanoakrileti. Ni jamii ile ile ya gundi kali inayouzwa madukani kwa ajili ya kuunganisha plastiki na viatu. Kemikali hizi zilivumbuliwa nchini Marekani mwaka 1942, na zikaanza kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Gundi ya kope huandaliwa kwa namna tofauti na ile ya viatu, lakini msingi wake wa kikemikali hukaribiana. Kwa sababu hiyo, gundi ya viatu au ya kucha isitumike kamwe karibu na jicho.

Sayanoakrileti hukauka kwa kukutana na unyevu, wala haihitaji joto. Unyevu ulio hewani na ule ulio juu ya ukope hutosha kuigandisha kwa sekunde chache. Inapoganda hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaochoma macho na pua. Gundi ya aina hii huweza pia kutoa kiasi kidogo cha formaldehaidi, kemikali inayojulikana kuleta mkereketo na mzio kwa baadhi ya watu.

Wakazi wa eneo la Houston wanaujua unyevu wa majira ya joto katika mwambao huu wa Ghuba ya Meksiko. Hewa yenye unyevu mwingi huifanya gundi igande haraka kuliko inavyotakiwa. Kwa upande mwingine, chumba kilichokaushwa mno na kiyoyozi huifanya ichelewe kuganda, na mvuke wake kuendelea kutoka kwa muda mrefu zaidi. Mtaalamu makini huwa na kifaa cha kupimia unyevu na joto la chumba, na huchagua gundi kwa kufuata vipimo hivyo.

Gundi siyo kitu pekee kinachoweza kudhuru. Vipande vinavyowekwa chini ya macho, utepe wa kushikilia ngozi, rangi nyeusi iliyomo ndani ya gundi, mpira wa asili uliomo katika baadhi ya gundi za kope za kipande kizima, na dawa ya kuondolea kope, vyote vinaweza kuleta madhara kwa mtu ambaye mwili wake haupatani navyo.

Mkereketo na mzio si kitu kimoja

Madhara ya kope za kubandika huonekana kufanana, ilhali chanzo chake hutofautiana. Ni muhimu kuvitenganisha, kwa sababu matibabu na uamuzi wa baadaye hutegemea chanzo hicho.

Mkereketo hutokea pale kemikali inapochoma ngozi au jicho moja kwa moja. Huweza kumpata mtu yeyote, hasa ikiwa mvuke ni mwingi, chumba hakina hewa ya kutosha, au jicho halikufumbwa vizuri. Dalili zake huanza wakati wa kubandika au saa chache baadaye: macho hutoa machozi, huwa mekundu na huchoma. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili.

Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni jambo la kinga ya mwili. Mwili huitambua kemikali fulani kama adui na kuanza kupambana nayo. Mzio wa ngozi unaotokana na gundi mara nyingi huchelewa kujitokeza: dalili huanza saa 24 hadi 72 baada ya kubandika, na pengine hata zaidi. Ngozi inayofunika macho yote mawili huvimba, huwasha sana, huwa nyekundu au kubadilika rangi, na huweza kuchubuka. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kwa urahisi. Angalia uvimbe, ngozi kuwa na rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, ukavu na magamba. Mzio hautulii kikamilifu maadamu gundi ingali kwenye kope, na kila mara mtu anapobandika tena hali huelekea kuwa mbaya zaidi.

Kuna pia maambukizi. Haya huambatana na usaha au tongotongo zito, maumivu, na mara nyingi huanza katika jicho moja. Husababishwa na vifaa visivyosafishwa, au na mtu kuogopa kuosha kope zake baada ya kubandika, hadi uchafu na mafuta vikajikusanya kwenye mashina ya kope.

Kwa nini mtu aliyezoea hudhurika ghafla?

Swali hili huulizwa mara nyingi: “Nimebandika kope miaka miwili bila shida, iweje leo nivimbe?” Jibu lake limo katika namna kinga ya mwili inavyofanya kazi. Mzio wa aina hii haujitokezi siku ya kwanza mtu anapokutana na kemikali. Mwili huanza kwa kujifunza kuitambua. Mafunzo hayo huweza kuchukua wiki, miezi au miaka, bila dalili yoyote ya nje. Yakikamilika, kiasi kidogo tu cha kemikali hutosha kuamsha uvimbe. Kuanzia hapo, mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote.

Kwa hiyo, kubandika mara nyingi bila madhara hakumpi mtu kinga. Kila anapobandika, mwili hupata fursa nyingine ya kujifunza. Hii ndiyo sababu ya kurudia jaribio mara kwa mara, hata kwa mteja wa siku nyingi anayejulikana vizuri saluni.

Jaribio hufanywaje?

Zipo njia mbili zinazotumika saluni, na ni vyema zitumike zote mbili.

Njia ya kwanza ni jaribio la ngozi. Mtaalamu husafisha ngozi nyuma ya sikio au kwenye kiwiko upande wa ndani, kisha huweka tone dogo sana la gundi ile ile atakayoitumia. Huacha likauke lenyewe. Pamba isitumike kulifunika, kwa kuwa gundi hii inapokutana na pamba huweza kutoa joto kali na kuunguza ngozi. Kipande kidogo cha utepe na cha kibandiko cha chini ya macho huwekwa pembeni ili navyo vijaribiwe.

Njia ya pili ni jaribio la kope chache. Mtaalamu hubandika nyuzi tatu hadi tano kwenye pembe ya nje ya kila jicho, kwa utaratibu ule ule wa siku ya kazi. Njia hii huonyesha jambo ambalo ngozi ya sikio haiwezi kulionyesha, yaani namna macho yenyewe yanavyoupokea mvuke wa gundi.

Baada ya hapo, subiri kwa muda usiopungua saa 48. Saluni nyingi husema saa 24, lakini kwa kuwa mzio huchelewa kujitokeza, kusubiri hadi saa 72 ni salama zaidi. Katika muda huo usiipake sehemu iliyojaribiwa mafuta, krimu wala manukato. Ichunguze asubuhi na jioni, na upige picha ikiwa kuna mabadiliko. Ukiona uvimbe, vipele, malengelenge au kuwashwa, jaribio limeonyesha dalili: kope zisibandikwe.

Kabla ya jaribio, mweleze mtaalamu mambo yafuatayo bila kuficha:

• Kama uliwahi kupata mzio wa plasta, gundi ya kucha, kucha za jeli, rangi ya nywele, piko au mpira wa asili.
• Kama una pumu, ukurutu, au ugonjwa wowote wa macho.
• Kama ulifanyiwa upasuaji wa macho hivi karibuni.
• Kama unatumia dawa za stiroidi za kumeza au za kupaka, kwa sababu huweza kuzima dalili na kulifanya jaribio lionekane salama.
• Kama unavaa lenzi za macho. Lenzi zitolewe kabla ya kazi kuanza.

Andika tarehe ya jaribio, jina la gundi na namba ya toleo iliyo kwenye chupa. Madhara yakitokea, daktari atazihitaji taarifa hizo kuliko maelezo mengine yoyote.

Mipaka ya jaribio

Ni haki yako kujua kwamba jaribio la saluni si kipimo cha kitabibu. Ngozi ya nyuma ya sikio ni nene kuliko inayofunika jicho, kwa hiyo huenda isionyeshe mzio mdogo. Aidha, mtu ambaye mwili wake haujamaliza kujifunza kuitambua kemikali atapita katika jaribio la leo, kisha adhurike miezi sita baadaye.

Usitegemee pia maneno yaliyoandikwa kwenye kifungashio. Neno “hypoallergenic” hukusudiwa kumaanisha kwamba bidhaa haileti mzio kwa urahisi, lakini nchini Marekani hakuna kigezo cha serikali kuu kinacholazimu neno hilo liwe na maana maalumu. Vivyo hivyo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haiidhinishi vipodozi kabla havijauzwa, isipokuwa baadhi ya rangi zinazotiwa ndani yake.

Kipimo kamili hufanywa na daktari wa ngozi au daktari wa mzio. Yeye huweka kemikali mbalimbali kwenye vibandiko mgongoni mwa mgonjwa. Vibandiko hukaa saa 48, kisha hutolewa na ngozi husomwa. Husomwa tena saa 72 hadi 96 tangu vilipowekwa, na wakati mwingine baada ya wiki moja. Kipimo cha damu, au kile cha kuchoma ngozi kwa sindano ndogo, hutumika kutafuta mzio wa chavua na vyakula. Hakiwezi kuchukua nafasi ya kipimo hiki cha mgongoni.

Piko, rangi ya nywele na kope

Kuna jambo linaloihusu jamii yetu kwa namna ya pekee. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Zanzibar, bibi harusi hupambwa kwa hina na piko. Hina halisi hutokana na majani ya mhina, na rangi yake huwa ya chungwa au kahawia. Piko nyeusi ni kitu kingine. Mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa rangi ya nywele wenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwenye vifungashio huandikwa kwa herufi PPD. Kemikali hiyo inapokaa juu ya ngozi huweza kuufundisha mwili mzio wa kudumu.

Mwanamke aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa sababu ya piko, hata kama ilikuwa utotoni, yumo hatarini akipaka rangi kwenye kope au nyusi. Historia ya nchi hii ina funzo kuhusu jambo hilo. Mwaka 1933 bidhaa ya kupaka kope rangi iliyoitwa Lash Lure, iliyokuwa na kemikali ya jamii hiyo, iliwapofusha wanawake kadhaa, na kifo pia kikaripotiwa. Wakati huo serikali haikuwa na mamlaka ya kuiondoa sokoni. Madhara hayo yalichangia kupitishwa kwa sheria ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Hadi leo, rangi za nywele zitokanazo na lami ya makaa ya mawe haziruhusiwi kutumiwa kwenye kope na nyusi, na vifungashio vyake hubeba onyo kwamba huweza kusababisha upofu.

Kwa hiyo, ikiwa saluni inapendekeza kupaka kope rangi kabla au baada ya kubandika, uliza ni rangi gani. Rangi ya nywele ya kawaida ikataliwe bila kusita. Wanja wa unga unaoletwa kutoka nje nao usitumike, maana aina nyingi zimekutwa na risasi, madini yanayoudhuru ubongo wa mtoto.

Msimu wa chavua

Katika eneo la Houston, majira ya kuchipua huleta chavua nyingi ya mialoni, na majira ya vuli huleta chavua ya magugu. Wengi huwashwa na macho na kutokwa na machozi katika nyakati hizo. Jaribio la kope likifanywa wakati macho tayari ni mekundu, haitawezekana kujua kama chanzo ni gundi au chavua. Idara ya Afya ya Houston hutangaza vipimo vya chavua vya siku za kazi. Inashauriwa kuahirisha jaribio hadi macho yatulie.

Anayeandaa harusi, awe mama, shangazi au somo wa bibi harusi, aihesabu ratiba mapema. Jaribio lifanywe angalau wiki mbili kabla ya siku ya sherehe, ili dalili zikitokea, uso upate muda wa kupona. Kope za bibi harusi zisibandikwe kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia harusi.

Kumchagua mtaalamu mwenye leseni

Katika jimbo la Texas, anayebandika kope kwa malipo lazima awe na leseni inayomruhusu kufanya kazi hiyo kutoka Idara ya Leseni na Udhibiti ya Texas, TDLR. Leseni maalumu ya kope huhitaji saa 320 za mafunzo pamoja na mitihani. Mahali pa kazi napo huhitaji leseni yake. Sharti hili humhusu pia anayefanya kazi nyumbani kwake, hata akiwa ni jirani au ndugu.

Tunatambua kwamba huduma za nyumbani huwa nafuu, na kwamba ni faraja kuhudumiwa na mtu mnayezungumza naye lugha moja. Hata hivyo, kuomba kuiona leseni si dharau. Ni sawa na kumwuliza dereva leseni yake kabla ya kumkabidhi watoto. Leseni inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TDLR, tdlr.texas.gov, na malalamiko hupokelewa kwa simu 1-800-803-9202.

Ondoka bila kuona haya ikiwa mtaalamu anakataa kufanya jaribio, hataki kukuonyesha chupa ya gundi, anatumia gundi isiyo na maandishi, haoshi mikono, au anatumia vibanio vile vile kwa wateja wawili bila kuvitakasa.

Madhara yakitokea

Piga 911 iwapo mtu anashindwa kupumua, anakoroma kifuani, midomo au ulimi unavimba, vipele vinaenea mwilini kwa haraka, au anahisi kuzimia. Taja neno moja tu, “Swahili”, nao watamtafuta mkalimani kwa simu.

Nenda chumba cha dharura cha hospitali siku hiyo hiyo iwapo jicho linauma sana, uwezo wa kuona umepungua, mwanga unaumiza macho, unahisi kitu kimenasa ndani ya jicho, au kuna usaha. Dalili hizo huweza kumaanisha kwamba konea, yaani utando mwangavu wa mbele ya jicho, imejeruhiwa au imepata maambukizi. Konea iliyoharibika huweza kuacha kovu linalopunguza kuona kwa maisha yote.

Gundi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi ya vuguvugu kwa muda usiopungua dakika 15. Usisugue. Kope zikigandamana, usizivute kwa nguvu wala usitumie dawa ya kufutia rangi ya kucha. Piga simu ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222. Simu hiyo hupokelewa saa 24 bila malipo, na wakalimani wapo. Kisha mwone daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Ikiwa dalili ni kuwashwa na uvimbe mdogo tu, weka kitambaa safi kilichoroweshwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa. Mwulize mfamasia kuhusu dawa za mzio za kumeza zinazokufaa, hasa kama una mimba, unanyonyesha, au unatumia dawa nyingine. Usizing’oe kope mwenyewe, kwani huweza kuchana ngozi na kuharibu mashina. Mtaalamu mwenye leseni aziondoe kwa dawa maalumu, macho yakiwa yamefumbwa. Uvimbe ukiwa mkubwa, daktari aonwe kwanza.

Usipake krimu ya stiroidi karibu na macho bila maelekezo ya daktari, hata ile iliyotoka nyumbani ambayo huuzwa huko bila cheti. Ikitumika karibu na jicho kwa muda, huweza kuleta shinikizo la jicho na mtoto wa jicho.

Baada ya mzio kuthibitishwa

Mtu mwenye mzio wa sayanoakrileti asibandike tena kope kwa gundi hiyo, hata akishauriwa kumeza dawa ya mzio kwanza. Dawa hupunguza dalili kwa muda, lakini mzio unabaki.

Jambo hili lina uzito nje ya saluni pia. Hospitali hutumia gundi za jamii hiyo hiyo kufunga majeraha na mikato ya upasuaji, na baadhi ya vibandiko vya vifaa vya kupimia sukari mwilini vimewahi kuwa nazo. Kwa hiyo, kila unapolazwa, kujifungua kwa upasuaji, au kushonwa jeraha, mwambie daktari: “Nina mzio wa gundi ya sayanoakrileti.” Omba iandikwe kwenye faili lako. Sentensi hiyo moja huweza kukuepusha na kidonda kinachokataa kupona.

Toa pia taarifa kwa FDA kwa simu 1-800-332-1088. Taarifa hizo huisaidia mamlaka kuzitambua bidhaa zenye madhara. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu vipodozi inawataka watengenezaji kuweka kwenye lebo njia ya kuwafikia kwa ajili ya taarifa za madhara.

Kwa wanaofanya kazi ya kope

Baadhi ya wasomaji wetu wanajipatia riziki kwa kazi hii, nao wamo hatarini kuliko wateja wao, kwa kuwa huvuta mvuke huo kutwa nzima. Mvuke wa sayanoakrileti huweza kusababisha pumu ya kazini na ukurutu wa vidole. Fanya kazi mahali penye hewa inayozunguka, vaa glavu za nitrili, na funika chupa ya gundi mara baada ya kuitumia. Kikohozi au kubanwa kifua kunakopungua siku za mapumziko na kurudi siku za kazi ni dalili ya kumwona daktari mapema.

Haki zako na mahali pa kupata msaada

Gharama na hofu huwafanya wengi wakae nyumbani na jicho linalouma. Tafadhali zijue haki zifuatazo.

Chini ya sheria ya mwaka 1986, hospitali zenye chumba cha dharura zinazopokea fedha za Medicare lazima zimchunguze na kumtuliza mgonjwa wa dharura, awe na bima au asiwe nayo, na bila kujali hali yake ya uhamiaji. Tangu Novemba 1, 2024, hospitali nyingi za Texas huwauliza wagonjwa kuhusu uraia wao. Jibu lako haliathiri huduma unayopewa.

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Mtoto wako asifanywe mkalimani wa mambo ya matibabu.

Kwa huduma isiyo ya dharura, vituo vya afya vya jamii hutoza ada kwa kadiri ya kipato. Kimojawapo katika Kaunti ya Fort Bend ni AccessHealth, chenye kliniki Richmond. Chuo Kikuu cha Houston nacho kina kliniki za macho zinazoendeshwa na kitivo chake cha macho. Ili kupata huduma nyingine zilizo karibu nawe, piga simu 2-1-1 na uombe mkalimani wa Kiswahili.

Hatua ya kuanzia ni ndogo: unapopiga simu kuweka miadi ya kope, omba miadi miwili. Wa kwanza uwe wa jaribio, na wa pili uwe siku tatu baadaye au zaidi.